Papi akiharisha, angalia kwanza ile nyama ya mbwa uliyonunua

Ukitaka kujua watu wa Nairobi wanapenda mbwa wao kiasi gani, angalia WhatsApp ya kliniki yetu asubuhi. Ni picha za kinyesi tu, cha njano, cha kijani, chenye ute, na chini ya kila picha swali ni lile lile: daktari, papi wangu anaendesha na nyama nampa freshi kabisa, shida iko wapi?

Kabla tufike kwa nyama, muangalie papi mwenyewe. Kama anaruka, anakula na anatafuna kamba za viatu vyako kama kawaida, hapo tuna muda wa kurekebisha chakula pole pole. Lakini kama anatapika, ama amejikunja tu kwa kona na hata bakuli haliangalii, ama choo kina damu na harufu kali ya kuoza, acha kusoma hapa umkimbize kwa daktari saa hii. Hiyo inaweza kuwa pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na pavo inaua papi kwa siku chache. Wengi wanaokuja nayo ni wale waliopata chanjo moja tu mwenyewe akafikiri amemaliza, na chanjo za papi zinaanza wiki ya 6 hadi ya 8 halafu zinarudiwa kila wiki 3 ama 4 mpaka afikishe wiki 16. Tena virusi vyake vinaweza kukaa kwa udongo wa kompaundi mwaka mzima na zaidi, sabuni ya kawaida haviui, unahitaji Jik.

Minyoo nayo usiisahau. Mpaka wiki 8 papi anafaa dawa kila wiki 2, baada ya hapo kila mwezi mpaka miezi 6, na kuna vijidudu kama jiadia na koksidia ambavyo huwezi kuviona kwa macho na haviendi na kidonge kimoja cha agroveti.

Sawa, tuseme hayo yote yako sawa na bado choo ni uji. Sasa fungua kile kifurushi cha nyama ulichonunua. Hapa Nairobi ukiambia mtu wa bucha unataka "nyama ya mbwa" anajua ni nini, hakuulizi swali, anakupimia mapafu, bandama, vipande vya maini, matumbo, mafuta aliyokwangua kwa mbavu, na ukibahatika unapata nyama kidogo imeshikilia. Ni bei rahisi na mbwa anaipenda sana. Mtu amesoma mahali kwamba mbwa anafaa kula nyama mbichi, akanunua hiyo, akaweka kwa bakuli, na kwa kichwa chake amefuata masharti. Lakini wale wanaolisha mbichi kwa utaratibu huanzia kwa hesabu ya karibu asilimia 80 nyama yenyewe, asilimia 10 mfupa mbichi unaolika, asilimia 5 maini, na asilimia 5 ogani zingine kama figo na bandama. Kifurushi chako kimepindua hiyo hesabu yote. Ogani na mafuta ndivyo vimejaa na mfupa hakuna, na hivyo vitatu, ogani nyingi, mafuta mengi, mfupa kukosa, ndivyo vinalegeza choo kuliko kitu kingine chochote kwa chakula kibichi.

Wacha tuhesabu na papi mmoja wa miezi mitatu, kilo 5. Huyo kwa siku anakula karibu asilimia 8 ya uzito wake, yaani gramu 400 hivi, igawe mara nne. Maini yake kwa siku nzima ni gramu 20, kipande kidogo kuliko kiberiti, na nimeona watu wakikata kipande cha kujaza kiganja wanampa kwa mlo mmoja halafu wanashangaa kwa nini choo ni cheusi na kinateleza. Mfupa ni gramu 40. Shingo ya kuku karibu theluthi moja yake ni mfupa, kwa hivyo shingo mbili ama tatu kwa siku zinafika hapo. Zipondeponde kwanza kwa mchi ama nyundo kwa sababu papi mlafi hatafuni, anameza nzima na inakwama. Na iwe mbichi! Mfupa uliopikwa, ile ya nyama choma ya Jumapili ama kuku wa kukaanga, unapasuka vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Mfupa wa mguu wa ng'ombe pia hapana, huo unavunja meno.

Ukiongeza mfupa choo kitakaza, ukizidisha kitatoka cheupe, kikavu, kinavunjika kama chaki na papi anajikamua, hapo rudisha chini. Wengine wakisikia mfupa unakaza choo wanampa miguu ya kuku asubuhi, mchana na jioni. Usifanye hivyo hasa kwa German Shepherd, Boerboel na mbwa wengine wakubwa, kwa sababu mwili wa papi haujui kukataa kalsiamu ya ziada na mifupa inakua vibaya. Lakini nyama tupu bila mfupa ni mbaya zaidi. Nyama ya ng'ombe fosforasi yake inazidi kalsiamu mara 15 na zaidi, mwili wa papi ukikosa kalsiamu unaichota kutoka kwa mifupa yake mwenyewe, na unapata mbwa wa miezi minne anatembea miguu imepinda ama amevunjika kwa kuruka tu kutoka kwa kochi.

Haya, sasa kurekebisha. Siku mbili tatu za kwanza punguza kila kitu kibaki kitu kimoja: kuku bila ngozi, bila ogani, bila maziwa, bila yai. Mimi napendelea uchemshe hiyo nyama, uitoe mifupa yote, uchanganye na wali laini na kijiko kimoja cha malenge yaliyochemshwa bila chumvi na bila kitunguu, umpe kidogo kidogo mara nne ama tano, jumla ipungue kama theluthi siku ya kwanza. Usimfungie chakula siku nzima. Hiyo ni ya mbwa mkubwa, papi mdogo akikaa na njaa sukari inashuka anaanza kutetemeka, na hawa Japanese Spitz wadogo wanashuka haraka sana. Maji yawe hapo kila wakati. Bonyeza ufizi wake na kidole, ukiwa unanata badala ya kuteleza ameanza kukauka, na huyo ni wa daktari si wa wali.

Choo kikikaza na kikae hivyo siku tatu, rudisha nyama yako pole pole, kuku na shingo kwanza, baadaye ile chembe ya maini, baada ya wiki nyama ingine kama ng'ombe. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza maini na omena na nyama ya ng'ombe siku moja na kesho yake choo kimeharibika tena utajuaje ni gani? Na ongea na watu wa nyumbani manake hapa ndipo mpango wote unaanguka, wewe unapima gramu asubuhi, dada wa kazi anampa ugali na maziwa saa nne, watoto chapati, soja wa geti naye usiku anamtupia mabaki yake. Papi wengi hawawezani na maziwa ya ng'ombe baada ya kuachishwa, hayo peke yake yanatosha kumharisha.

Kwenda kemisti kununua Flagyl ya watu, ile dawa ya tumbo, na kukadiria nusu kidonge, tafadhali wacha. Ni dawa halisi, ina kipimo, ikizidi inaharibu mishipa ya fahamu, na hata ikikausha choo leo, kifurushi bado kiko kwa friji na wiki ijayo tunarudi pale pale.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawapendi nikilisema. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo na ng'ombe wetu wakati mwingine yana vifuko vya maji, unaviona kama malengelenge meupe. Ndani yake kuna tegu mdogo anayeitwa ekinokokasi, mbwa akimla mbichi anakomaa utumboni mwake, mayai yanatoka na choo, mtoto anashika mbwa anaweka mkono mdomoni, na vifuko vinamea kwa ini la mtoto. Turkana wanaujua ugonjwa huu miaka mingi, na mifugo inayochinjwa Nairobi inatoka huko na kwingine kwingi. Kwa hivyo ogani zote chemsha nusu saa ama zaidi, sijali umesoma nini. Kugandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri siku kadhaa kunaua hivyo vifuko, lakini bakteria hakuwaui, na friza ya Nairobi ambayo stima inapotea na kurudi sielewani nayo. Marekani, shirika lao la FDA linalosimamia chakula na dawa lilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama, 15 zikawa na salmonela na 32 listeria, na hizo ni zilizopakiwa kiwandani, sembuse ile ya kufungwa kwa gazeti. Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitano, mama mjamzito ama mtu mwenye kinga dhaifu, mimi ningepika kila kitu, mifupa nitoe, na kalsiamu nipange na daktari. Hata bila hao, nyama na mfupa pekee havina zinki, ayodini na vitamini E ya kutosha kwa mbwa anayekua, kwa hivyo ukitaka kuendelea na mbichi bora uchanganye na pelleti kamili za papi.

Siku tatu zikipita choo bado ni uji, ama kinakaza kinalegea kinakaza, beba kidogo cha asubuhi hiyo kwa mkebe safi wenye kifuniko ulete kipimwe. Kama uko upande wa Kabete kuna maabara ya serikali ya mifugo na kitivo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Nenda na karatasi uliyoandika kila alichokula siku tatu zilizopita, na umuulize soja pia.