Mito mitatu

Mama mmoja wa Mbagala aliniambia siku hizi analalia mito mitatu. Hakuutaja kama ugonjwa, alikuwa anamnung'unikia binti yake kwamba mito nyumbani haitoshi. Nikamwomba avue ndala. Mikanda ilikuwa imeacha alama, na nilipobonyeza juu ya kifundo cha mguu, kidole kiliacha shimo.

Kemo, dawa za saratani ya titi, aliimaliza mwaka mmoja na nusu nyuma. Uchovu na pumzi kukata ngazini aliviona ni mabaki ya dawa. "Si mlinitia ile dripu nyekundu, Daktari, hata mkojo ukawa mwekundu?"

Ndiyo hiyo, doksorubisini. Mkojo mwekundu hauna neno, unapita kwa siku moja mbili. Shida ni kwamba dawa hii huumiza chembe za misuli ya moyo, nazo hazioti tena kama nywele. Kwa hiyo dozi zake hujumlishwa maisha yote. Ikifika miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili, wagonjwa kama 5 kati ya 100 hupata moyo kushindwa kusukuma damu: maji hujaa miguuni na mapafuni, na mtu akilala chali pumzi hukata, ndipo huongeza mito. Kwenye 550 ni 26. Kadi ya mama huyu, kutoka hospitali aliyoanzia mkoani, iliandikwa "mizunguko 6" tu. Miligramu ngapi? Hakuna. Wengi hapa Dar hutibiwa saratani Ocean Road, moyo wakaupimia Muhimbili, na anayebeba hesabu katikati, ndani ya bajaji, ni mgonjwa mwenyewe. Omba uandikiwe jumla.

Dawa nyingine za saratani pia zina yake. Trastuzumabu nayo hulegeza moyo, ila mara nyingi ikisimamishwa moyo hurudi. Sisplatini huweza kugandisha damu miguuni, bevasizumabu hupandisha presha. Ninayoiogopa zaidi ni fluorourasili, pamoja na ndugu yake wa vidonge, kapesitabini: hubana mishipa inayolisha moyo, hata ya kijana asiye na mafuta mwilini, na mara nyingi siku chache tu baada ya kuanza. Kifua kikibana, usimeze kidonge kinachofuata. Nenda hospitali usiku huohuo.

Eko ya mama, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha kila pigo moyo unasukuma asilimia 38 ya damu iliyomo. Kawaida ni 55 na kuendelea. Tulimwanzishia dawa za moyo, enalaprili na kavedilolo, kidogokidogo, maana hushusha presha na yake ilikuwa chini. Wiki iliyopita alikuja na mito miwili. Wa tatu binti yake kauchukua.