Spektroskopia ya leza: metali za majini zinavyosomwa kwa mwanga

Umebandika maji ya wali kwenye jiko la gesi, umetia chumvi, umegeuka kidogo na sufuria imefurika. Moto uliokuwa wa buluu unalipuka manjano, kisha unarudi ulivyokuwa. Ile manjano ni sodiamu ya kwenye chumvi. Atomu zake zikipata joto hutoa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi, leo na kesho, kwako na kwa jirani. Shaba ina mawimbi yake, risasi yake, zebaki yake. Kuuchambua mwanga namna hiyo ili kujua umetoka kwenye kitu gani ndiko kunakoitwa spektroskopia.

Kuyapima maji kwa mwanga si jambo la juzi. Mwaka 1860, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff wa Ujerumani walichunguza maji ya chemchemi ya Dürkheim kwa kuyatia motoni na kuutawanya mwanga wake rangi kwa rangi, wakaona mistari miwili ya buluu isiyo ya metali yoyote iliyojulikana. Wakaipa metali hiyo mpya jina la sesiamu. Leza ya kwanza, ya Theodore Maiman kule Marekani, iliwaka miaka 100 baadaye.

Leza inaongeza nini, basi? Joto. Moto wa jiko unaiamsha sodiamu kwa urahisi, ila metali nyingi haziamki kwa joto dogo. Katika njia iitwayo kwa kifupi LIBS (spektroskopia ya kuvunja kitu kwa leza), leza hupiga pigo la nanosekunde chache tu. Nishati yake si kubwa, lakini yote imebanwa kwenye kidoa kidogo kuliko kichwa cha pini. Hapo maji hugeuka plazma, wingu la atomu zilizovunjika na elektroni, lenye joto linaloweza kupita nyuzi 10,000, kuliko uso wa jua. Mwanzoni plazma hung'aa nyeupe tupu na haisomeki, kwa hiyo kifaa husubiri kidogo, yapata sekunde moja ukiigawa mara milioni, ndipo kianze kusoma. Mstari ukitokea kwenye nanomita 405.8, hiyo ni risasi (ya mabomba na betri, si ya bunduki, ingawa jina ni moja). Mstari ukizidi kung'aa, metali ni nyingi zaidi, na kiasi hupatikana kwa kulinganisha na maji yaliyotiwa metali kwa kipimo kinachojulikana.

Gari la Curiosity limekuwa likipiga mawe ya sayari ya Mars kwa leza ya namna hii tangu 2012, kutoka umbali wa hadi mita 7. Jiwe, lakini, limetulia. Maji yanaruka na kuchafua lenzi, yanatoa mapovu, yanacheza, na mbaya kuliko yote, yanaizima plazma kabla haijasema kitu. Ndiyo maana wataalamu huyapitisha maji kama uzi mwembamba unaotiririka, au huyagandisha barafu, au hudondosha tone kwenye karatasi na kuliacha likauke, kisha wakapiga yale mabaki. Mimi hii ya mwisho ndiyo naiona ya akili zaidi: maji yenyewe yanaondoka, metali zinabaki zimekusanyika. (Kwa sababu hiyo hiyo, kuchemsha maji hakuondoi risasi.)

Kukausha huko kuna maana kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Hiyo ni gramu moja katika maboza kumi ya lita 10,000. Ukiipiga leza kwenye maji yenyewe bila maandalizi, mara nyingi inaanza kuona penye miligramu kwa lita, yaani mara mia ya kiwango hicho. Kwa maji machafu ya mgodi au kiwanda, sawa. Kwa ya kunywa, ukiambiwa kifaa hakijaona kitu, usijaze glasi bado. Mashine kubwa za maabara zina macho makali zaidi.

Kisha kuna zebaki, ile wanayokamatia dhahabu wachimbaji wadogo, kama wa Geita. Ikifika majini, bakteria huweza kuigeuza methili-zebaki, inayojilimbikiza kwenye samaki na kudhuru ubongo. Leza ikigonga, molekuli zote husambaratika, na mstari unaotoka ni ule ule wa nanomita 253.7, iwe ilikuwa methili-zebaki au zebaki ya kawaida.