"Asilimia 28 zaidi" kwenye kupunguza mafuta, ni asilimia ya nini?

Hapa Dodoma mazoezi yamekolea kweli siku hizi, Jumamosi alfajiri vikundi vya jogingi vinapishana barabarani, jimu nazo zinazidi kufunguliwa, na mimi nafurahi sana. Ila unakuta kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanatumiana kwamba mazoezi ya kasi, yale ya kukimbia kwa nguvu zote muda mfupi halafu unatembea unavuta pumzi unarudia tena, yanachoma mafuta "asilimia 28 zaidi" kuliko kukimbia mdogo mdogo. Mtu anaacha jogingi yake aliyoizoea anaenda kuumiza magoti kwa ajili ya hiyo namba, kwa hiyo jamani tuielewe kwanza.

Namba yenyewe sio ya uongo. Imetoka kwenye uchambuzi uliochapishwa 2019 kwenye jarida la British Journal of Sports Medicine, ambapo mtafiti Viana na wenzake walichukua tafiti 36 zilizokwishafanyika wakazipiga hesabu kwa pamoja, wakaandika kwamba mazoezi ya kasi yanapunguza kilo za mafuta asilimia 28.5 zaidi. Msomaji anaelewa kwamba kama ana kilo 20 za mafuta basi karibu kilo 6 zinaondoka. Hapana! Hiyo inalinganisha punguzo la kundi moja na punguzo la kundi lingine tu, wewe una mafuta kiasi gani haihusiki kabisa. Ukiambiwa mkulima wa Kongwa amevuna alizeti asilimia 50 zaidi ya jirani yake, swali la kwanza si ni jirani alivuna magunia mangapi? Kama alivuna mawili basi huyu ana matatu, basi.

Sasa tuifungue. Kundi la kasi lilipungua wastani wa kilo 1.58 za mafuta, la mdogo mdogo kilo 1.13. Toa hapo unabaki na kilo 0.45, haifiki hata nusu kilo, na ni kwa programu nzima sio kwa wiki moja. Chukua 0.45 gawanya kwa 1.58 ndo unapata hiyo asilimia 28.5. Na cheki kitu kimoja, ungegawanya kwa 1.13 ungepata karibu asilimia 40, yaani kilo 0.45 ile ile inakupa namba mbili tofauti kabisa kutegemea umeanzia hesabu upande gani. Ndo maana mimi tangazo la asilimia bila kilo siliamini.

Halafu wastani huwa una mipaka yake, makadirio kwamba ukweli unaweza kuwa kati ya hapa na hapa. Kwa kasi ilikuwa kilo 0.43 hadi 2.74, kwa mdogo mdogo 0.08 hadi 2.18, unaona zinavyoingiliana. Kwa haki lazima niseme kwamba walipolinganisha makundi yenyewe kwa yenyewe, badala ya kila kundi na lilivyokuwa mwanzo, tofauti ilitoka kubwa zaidi, kilo 2.28 upande wa kasi, ila mipaka yake ni 0.56 hadi 4.00, kwa hiyo inaweza kuwa nusu kilo na ushee, inaweza kuwa nne. Upana wote huo kwenye tangazo haupo.

Na kuna kipimo cha pili ambacho hakitajwi, asilimia ya mafuta mwilini. Hapo kasi ilishusha pointi 1.50 na mdogo mdogo 1.44. Pointi maana yake mtu aliyekuwa na mafuta asilimia 30 anashuka hadi kama 28.5, sio kwamba mafuta yake yamepungua asilimia moja na nusu. Makundi yamelingana karibu kabisa.

Watafiti hupima tofauti za makundi kama hizi kwa namba inaitwa p. Inauliza hivi, kama kiukweli hakuna tofauti yoyote, bahati tu ingeweza kutuletea tofauti kubwa kama hii au zaidi mara ngapi? Kwa mazoea ikiwa chini ya 0.05 wanasema tofauti ina maana kitakwimu. Kwenye kilo, ile tofauti ya 2.28, p ilikuwa 0.0094, ndogo, lakini udogo wake hausemi kilo ni nyingi, unasema tu bahati peke yake ingetoa matokeo hayo kwa nadra. Kwenye asilimia ya mafuta ilikuwa 0.705, na hiyo nayo haithibitishi kwamba mazoezi hayo mawili ni sawa, inasema kwa data waliyokuwa nayo tofauti haikuonekana.