Kuchagua Kilengeo cha Bunduki kwa Saa za Magharibi

Jua la Ikweta huzama likishuka karibu wima, na ndiyo sababu jioni ya Nakuru au Kisumu ni fupi kuliko ile ya Ulaya. Tangu jua lizame hadi lifike nyuzi 6 chini ya upeo wa macho ni dakika 21 au 22 tu, na katika muda huo mwanga wa nje hushuka kutoka luksi (kipimo cha mwanga) 400 hivi hadi chini ya luksi 4. Mshauri yeyote wa vilengeo, yaani vifaa vya kulengea vya bunduki, anayeandika akiwa Ujerumani au Marekani huwaza juu ya mwindaji aliyeketi jukwaani kwa saa nzima huku mwanga ukififia polepole. Kwetu sisi hali si hiyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, kwa hiyo wanaohitaji kulenga saa hizi ni askari wa wanyamapori, walinzi wa ranchi na hifadhi binafsi, na raia wachache wenye leseni halali chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Umbali wao mara nyingi haufiki mita 100, na uamuzi wao hufanywa haraka. Kazi yangu ni kutunza vilengeo vya watu kama hao na kuvisawazisha ili risasi ipige pale vinapoelekea, na ninachowaambia wote ni kwamba kilengeo cha gizani huchaguliwa kwa kulitazama kwanza jicho la mtumiaji, kisha ndipo sanduku la dukani lisomwe.

Gizani mboni ya kijana hupanuka hadi milimita 7 hivi, ilhali ya mtu aliyepita miaka hamsini mara nyingi huishia milimita 5 au pungufu. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani huhitaji takriban nusu saa ili zifikie uwezo wao kamili, na mwanga mweupe mmoja wa simu au wa taa za gari huzirudisha nyuma. Kwa hiyo mlinzi anayetoka kwenye ofisi yenye taa saa moja kasorobo na kwenda moja kwa moja langoni hana jicho la usiku, hata kama ameshika darubini ya bei ghali kuliko zote. Tena, sehemu ya katikati kabisa ya jicho, ile tunayoitumia kusoma, haina seli hizo. Ndiyo maana kitu hafifu huonekana vizuri zaidi ukikitazama pembeni kidogo kuliko ukikikazia macho.

Sasa tuje kwenye darubini yenyewe, yaani kilengeo chenye lenzi zinazokuza. Hakuna lenzi ya kawaida inayoongeza mwanga. Kazi yake ni kuukusanya na kuufikisha jichoni. Mwanga hutoka nyuma ya darubini ukiwa duara dogo, na upana wa duara hilo hupatikana kwa kugawanya upana wa lenzi ya mbele kwa idadi ya mara ambazo darubini hukuza. Darubini ya mara 6 yenye lenzi ya milimita 42 hutoa duara la milimita 7. Ya mara 10 yenye lenzi ya 50 hutoa milimita 5. Ya mara 12 yenye lenzi ya 40 hutoa milimita 3.3 tu. Duara likiwa jembamba kuliko mboni yako, unaona picha yenye kiza; likiwa pana kuliko mboni, mwanga uliozidi huishia kwenye sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni bila faida ya ung'avu, ingawa jicho hupata nafasi ya kusogea bila kuipoteza picha. Mzee wa miaka sitini anayelipia lenzi ya milimita 56 kwa ukuzaji wa mara 8 ananunua uzito ambao jicho lake haliwezi kuutumia wote.

Wauzaji hupenda kutaja hesabu nyingine, ile ya kuzidisha ukuzaji kwa upana wa lenzi na kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwa hesabu hiyo darubini ya 12 kwa 40 hupata 21.9, na ya 8 kwa 56 hupata 21.2, kana kwamba ya kwanza ndiyo bora jioni. Yeyote atakayezichukua zote mbili saa moja usiku na kutazama kichaka cha migunga ataona mara moja kwamba sivyo. Hesabu hiyo haijui mboni yako ina upana gani, wala haiulizi kioo kimetengenezwa vipi.

Na kioo kina mengi. Kila uso wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Darubini yenye nyuso 10 za namna hiyo hufikisha jichoni karibu theluthi mbili tu za mwanga ulioingia, na ule uliopotea haupotei wote, bali sehemu yake huzungukazunguka ndani na kuifunika picha kwa ukungu mweupe. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss, alivumbua utando mwembamba wa kupaka kwenye lenzi ili kupunguza hasara hiyo, na leo darubini nzuri yenye tabaka kadhaa za utando kwenye kila uso hufikisha zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo ukiwa na fedha za kiasi, nunua lenzi ya milimita 42 iliyopakwa vizuri kabla ya ile ya 56 iliyopakwa ovyo.

Jambo linalowasumbua watu wengi kuliko mwanga, hata hivyo, ni msalaba wa kulengea. Nyaya nyembamba nyeusi zinazopendeza mchana hupotea kabisa mbele ya ubavu wa nyati saa moja jioni, na mtu hujikuta akimwona mnyama vizuri lakini hajui mtutu umeelekea wapi. Nyaya nene za pembeni zinazopungua unene katikati husaidia sana, na nukta ndogo inayowaka katikati husaidia zaidi. Nukta hiyo kwa kawaida huwa nyekundu kwa sababu ya maumbile ya jicho: gizani kilele cha uwezo wa kuona huhama kutoka mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hadi ule wa 507, yaani kuelekea rangi ya bluu na kijani, na seli za usiku karibu hazisumbuliwi na wekundu. Chunguza kiwango cha chini kabisa cha mwanga wa nukta kabla ya kulipa. Vilengeo vingi vya bei nafuu huwaka vikali mno hata vikipunguzwa hadi mwisho, na nukta kali hutawanya wekundu ndani ya bomba zima la kilengeo ikamfunika yule unayemtazama. Ipunguze hadi uione kwa taabu kidogo, kisha iongeze hatua moja.

Kilengeo cha nukta nyekundu kisichokuza, cha aina ambayo kampuni ya Aimpoint ya Sweden iliingiza sokoni katikati ya miaka ya 1970, ndicho ninachokipendekeza kwa walinzi wengi, kwa kuwa kinatumiwa macho yote mawili yakiwa wazi. Nukta ya dakika 2 za pembe (dakika moja ni sehemu ya sitini ya nyuzi moja) hufunika sentimita 6 hivi kwa mita 100, na hiyo inatosha. Mwenye jicho lisilo duara sawasawa ataiona ikiwa na miiba kama nyota. Huyo ajaribu kwanza kabla ya kununua. Vilengeo vya kawaida vya chuma vyenye vichupa vya tritiamu, gesi yenye mionzi hafifu, hung'aa bila betri, ila nusu ya gesi hiyo huisha kwa miaka 12.3, kwa hiyo uliza tarehe ya kutengenezwa. Nyuzi za plastiki zinazokusanya mwanga hupendeza mchana, na giza likiingia hazina msaada.

Darubini za joto husoma miale ya joto yenye urefu wa wimbi wa mikromita 8 hadi 14, hupenya moshi mwepesi na kumwonyesha mnyama aliyejificha nyasini. Lakini haziwezi kuona kupitia kioo cha gari, na zinakuonyesha umbo la joto, si uso wala mavazi wala anachoshika mtu mkononi. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kwa wanafunzi wangu: kujua kwamba kuna kiumbe hai si kujua ni nani. Jirani anayemtafuta ng'ombe wake, mchungaji, mlinzi mwenzako aliyebadilisha njia, wote huwaka sawa. Usitafute kwa kilengeo kamwe, kwa maana popote kilengeo kinapotazama mtutu nao unatazama. Tafuta kwa darubini ya mkononi, ita kwa sauti, washa tochi, na kama bado hujui, kidole kibaki nje ya kifyatulio.

Kwa wasomaji wa Kisumu, Homa Bay na Busia kuna adui mwingine, nao ni unyevu wa ziwa. Kuvu huota juu ya utando wa lenzi kwa nyuzi kama za utando wa buibui, na baadhi ya kuvu hutoa asidi inayouchoma kioo kiasi kwamba hata kuisafisha hakurudishi hali ya kwanza. Bomba lililojazwa naitrojeni na kufungwa vizuri hulindwa ndani, lakini nje ni jukumu lako. Usiifungie darubini ndani ya mfuko wa ngozi baada ya mvua. Ikaushe, iweke kwenye sanduku lenye vipakiti vya kufyonza unyevu, na ubadilishe vipakiti hivyo kabla ya masika. Mwishowe, kilengeo kilichosawazishwa adhuhuri kipelekwe tena uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, kwa ruhusa ya msimamizi, mwanga ukipungua, kipigwe risasi tano kwa mita 50 nukta ikiwa kwenye kiwango kile kile utakachotumia kazini, na kiwango hicho kiandikwe kwa rangi pembeni ya kitufe chake.