Difu nayo hupumua

Ukiona utelezi mweusi umechuruzika ndani ya rimu ya mbele ya Land Cruiser ya 70, hizi HZJ78 na HZJ79 ambazo huku Pwani hubeba watalii leo na simenti kesho, fundi wa kwanza utakayemuuliza atakwambia sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje, imekufa. Ni kweli imekufa. Lakini ukiibadilisha hiyo peke yake, utarudi gereji kwa shida ileile, maana aliyeiua bado amekaa juu ya ekseli: kikofia kidogo cha chuma kinachotolea pumzi ya difu, zile gia za ekseli zinazogawia tairi nguvu.

Ekseli ya mbele ya gari hili ni bomba moja zima. Katikati kuna difu iliyojaa oili, na kila ncha ina tufe tupu la chuma, lililovikwa ganda linalogeuka na usukani. Ndani ya tufe hilo hukaa jointi ya Birfield, ile inayozungusha tairi hata ukiwa umekata kona, nayo hulainishwa kwa grisi nzito. Kinachotenganisha oili na grisi ni sili moja tu, iliyobanwa ndani ya bomba nyuma ya tufe. Ikishindwa, oili huingia kwenye tufe, grisi inageuka uji mwepesi, na uji huo hutokea nyuma ya tufe kwenye mpira wa kufuta.

Sasa hicho kikofia. Difu ikifanya kazi hupata moto, na hewa iliyo ndani hutanuka. Kikofia kinatakiwa kuitoa. Chumvi na vumbi vikikifunga, msukumo unatafuta penye udhaifu, na penye udhaifu ni kwenye sili. Kisha kuna upande wa pili ambao wengi huusahau: kikofia cha kiwandani hutoa hewa, hakiruhusu kuingia. Difu yenye joto la nyuzi 80 ikizama ghafla kwenye maji ya nyuzi 28, hewa yake hupungua karibu asilimia 15. Pengo hilo lazima lijazwe, na kilicho karibu wakati huo ni maji.

Kwa gari la Nairobi maji hayo ni ya mto. Kwetu ni ya bahari. Gari linalopanda na kushuka feri ya Likoni, Mombasa, kila siku hukanyaga maji ya chumvi pale kwenye mteremko. Linaloshushia mashua ufuoni hali yake ni mbaya zaidi.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Juu ya kila tufe kuna plagi ya kichwa cha pembe nne. Ifungue, ingiza waya safi, uutazame. Grisi nyeusi inayong'ang'ania waya ni nzima. Ikidondoka kama oili na kunuka kiberiti, difu imevuja. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo hakuna cha kusubiri mwisho wa mwezi: beringi zinaota kutu wakati gari limelala.

Kisha inua tairi, shika mkono mmoja juu na mwingine chini, utikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi za tairi. Ukibaki, ni zile beringi mbili ndogo za juu na chini ya tufe, ambazo usukani huzungukia. Hizi hazizunguki mzunguko mzima, hucheza palepale miaka na miaka, hivyo huchimba vishimo kwenye vikombe vyake. Ndizo chanzo katika nyingi ya zile gari ambazo usukani huanza kutetema vibaya ukipiga shimo moja tu, na watu wakakimbilia kubalansi tairi.

Kazi yenyewe ni ya siku nzima kwa pande zote mbili. Nunua seti kamili ya sili na gasketi, si sili moja moja. Weka stendi chini ya ekseli, usiamini jeki. Fungua kaliper ya breki na uifunge kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Toa kifuniko cha habu (kitovu kinachobeba tairi), toa saklipu (pete ya kushikilia) kwenye ncha ya shafti, halafu nati sita. Chini ya nati hizo kuna washa zenye umbo la koni ambazo hazitoki kwa kuvutwa. Gonga habu kando ya stadi (bolti zilizochomoza) kwa kipande cha shaba na zitaruka zenyewe. Anayezichokonoa kwa bisibisi ataharibu stadi.

Nati kubwa mbili za ndani zinataka boksi ya milimita 54. Najua gereji nyingi hutumia patasi na nyundo, na najua zinafunguka. Lakini patasi hula kingo za nati na kumwaga vipande vya chuma ndani ya beringi, na kwa patasi hutaweza kupima ukazaji. Boksi hiyo ni nafuu kuliko beringi moja.

Ukishatoa habu na spindeli yake (mhimili ambao habu huzungukia) yenye bolti nane, geuza shafti mpaka ubapa wa jointi uelekee juu, ndipo itoke. Kisha fungua vifuniko vya juu na chini vya tufe. Hapa kuwa mchoyo: yale mabati membamba yaliyo chini ya vifuniko yahifadhi kwa upande wake na kwa nafasi yake, ya juu yasichanganyike na ya chini. Ndiyo yanayoweka ganda la tufe katikati. Ukiyachanganya, shafti itapita kando kidogo ya kitovu cha sili, na sili mpya italiwa upande mmoja.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na ukikaushe kabisa. Pitisha ukucha pale shafti inapogusa sili. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitaziba hapo hata iwe ya bei gani. Shafti inataka kubadilishwa. Sili huingia mdomo wake ukielekea difu, umepakwa grisi, ikigongwa sawasawa pande zote.

Kukaza beringi za tufe tumia mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Kabla ya kufunga mpira wa kufuta, nasa ndoano kwenye tundu la mkono wa usukani uvute. Mwongozo wa Toyota wa modeli ya 80, yenye ekseli ya aina hiyohiyo, unataka kilo 3 hadi 6 ndipo ganda la tufe lianze kusogea. Pungufu ya hapo, punguza bati, ikizidi, ongeza. Jaza grisi yenye molibdenamu robo tatu ya tufe, huku ukiisukuma ndani ya jointi yenyewe kwa kiganja. Kopo la nusu kilo linatosha upande mmoja. Ukijaza pomoni, itatafuta pa kutokea.

Beringi za tairi: kaza nati ya ndani nyutoni mita 59, zungusha habu huku na huku, legeza, kisha kaza tena 5.4 tu. Mizani kwenye stadi ya tairi isome kati ya kilo 2.8 na 5.7. Weka washa mpya ya kukunja, kaza nati ya nje nyutoni mita 64, kisha kunja washa hiyo juu ya nati.

Ukibadilisha oili ya difu, fungua plagi ya kujazia kwanza. Ikiwa imeganda na ushamwaga oili yote, utakuwa na gari lisiloondoka.

Sasa mrudie aliyesababisha yote. Toa kikofia, weka nipeli ya uzi uleule, uunganishe mpira wa kuvumilia oili wenye tundu la milimita 8, uupandishe hadi ukuta wa injini, mwishoni uchomeke chujio dogo la petroli. Gari nyingine zina mpira tangu kiwandani, lakini angalia unaishia wapi na kama bado unapitisha hewa: upulize kwa mdomo. Acha ulegevu, maana ekseli ikishuka kwenye korongo huvuta mpira mfupi ukachomoka bila wewe kujua. Difu ya nyuma na gia boksi zifanyie vivyo hivyo.

Na ukitoka baharini, osha chini ya gari kwa maji matamu. Visima vingi vya kisiwa cha Mombasa na kandokando yake vina maji ya chumvi, na kuna waosha magari wanaoyatumia. Yaonje kwanza.

Baada ya kilomita 1,000 inua tairi utikise tena, na uchungulie ile plagi ya pembe nne kwa waya.