Je, Wajua Kwa Nini Paka Akiumwa Hujificha?

Muulize yeyote aliyefiwa na paka hapa Unguja, na mara nyingi utasikia jibu lile lile: "Jana tu alikuwa mzima." Jana alipanda paa, akakaa chini ya meza kusubiri kichwa cha samaki, na leo asubuhi amekutwa uvunguni amekauka. Jirani atasema kala sumu, mwengine atasema kuna mtu kamfanyia ubaya. Sumu ipo, na nitaifikia. Lakini paka wengi wa namna hii hawakuanza kuumwa jana. Wameumwa wiki nzima, pengine miezi, na nyumba nzima isijue.

Sababu iko katika asili yake. Paka wa majumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, aliyeanza kusogea karibu na watu kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, pale wakulima walipoanza kuweka nafaka ghalani na panya wakaifuata. Mnyama yule anawinda peke yake. Mbwa mwitu akiumia ana kundi, na wenzake wataweza kumletea nyama. Paka mwitu hana wa kumletea. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe ni windo la tai, chatu na wanyama wakubwa zaidi, na anayeonesha unyonge ndiye anayeliwa mwanzo. Waliobaki hai wakazaa ni wale waliojua kunyamaza wakiumwa. Paka anayelala barazani Mji Mkongwe hana tai wa kumwogopa, lakini mwili wake bado unafuata kanuni ile ile: ukiumwa, jifiche, usitikisike.

Kwa hiyo ukisubiri paka alie ndipo ujue anaumwa, utachelewa. Paka hulia akiwa na njaa, akitaka kufunguliwa mlango, au jike anapotaka dume. Maumivu mara nyingi humnyamazisha. Hata ule mngurumo wa kooni tunaouchukulia kuwa ni wa raha si ushahidi, maana paka mwenye maumivu makali naye hunguruma.

Kinachomfichua ni mazoea yake yanapobadilika. Aliyekuwa akilala kitandani sasa analala nyuma ya mtungi. Aliyekuwa akiruka juu ya ukuta sasa anauangalia tu. Manyoya yamesimama na kushikana mgongoni, kwa sababu paka mgonjwa huacha kujilamba. Uso nao unasema. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Canada, walichapisha kipimo cha maumivu ya paka kinachosomwa usoni mwake tu. Huangaliwa mambo matano: masikio yameinama na kugeukia nje, macho yamefinywa, mdomo na pua vimekazana, sharubu zimenyooka badala ya kulegea, na kichwa kiko chini ya mabega. Daktari hahitaji mashine kuyaona hayo, na wewe pia huhitaji.

Kuna dalili moja ambayo ningependa kila mwenye paka dume aijue, kwa sababu inaua haraka na hudhaniwa kuwa jambo dogo. Dume anachuchumaa kwenye mchanga, anajikaza, hakitoki kitu, anaondoka, na baada ya dakika chache amerudi tena. Anajilamba sehemu za siri bila kupumzika. Watu husema amefunga choo, wakamnywesha mafuta. Kumbe kilichofunga ni mkojo. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, na vijiwe vidogo pamoja na ute vikikwama humo, kibofu hujaa, figo hushindwa kusafisha damu, na madini ya potasiamu hupanda hadi kuusimamisha moyo. Kutoka kuziba hadi kufa huwa ni siku moja mpaka tatu. Usimbonyeze tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Mfikishe kwa daktari wa mifugo siku ile ile, hata kama ni usiku.

Mkojo wa paka hukolea kwa sababu babu zake walizoea nchi kame, na kiu yake ni ndogo kuliko anavyohitaji. Akila chakula kikavu tu cha dukani, joto la kaskazi likazidi, mkojo unakuwa mzito. Mwekee maji masafi mahala pawili au patatu mbali na chakula, na chakula chake kiwe na mchuzi wa samaki uliochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Paka mzee mambo ni kinyume: akianza kunywa maji sana na kukonda, figo huenda zinachoka, na dalili hizo hutokea wakati sehemu kubwa ya figo imeshaharibika. Na paka wa umri wowote aliyesusa chakula siku mbili mfululizo asingojewe ya tatu, hasa akiwa mnene, kwani mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliharibu.

Sasa sumu. Nyingi tunampa wenyewe kwa mapenzi. Panadol ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka rangi ya udongo, uso na miguu huvimba. Mbwa naye hudhurika, ila mpaka ale kiasi kikubwa zaidi. Vitunguu maji na vitunguu thomu, vibichi au vilivyopikwa mchuzini, huvunja chembe nyekundu za damu kwa paka na mbwa. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini ukimpaka paka hutetemeka na kupata degedege, na anaweza kufa. Soma kibandiko kabla hujafungua chupa. Tena kuna bunju. Wavuvi wanamjua na humtupa pwani, lakini paka na mbwa wanaozunguka madau hawajui, na sumu yake hupoozesha misuli ya kupumua. Ukiwa mvuvi, mfukie au mrudishe majini.

Nikitaja samaki, niseme kitu ambacho wengi hapa kwetu hawakitarajii. Paka wa Malindi na Forodhani wanaonekana kushiba, lakini kumlisha paka samaki mbichi peke yake kila siku kuna hasara. Aina kadhaa za samaki wabichi zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka akiikosa kwa muda huanza kuyumba, shingo ikainamia kifuani, kisha degedege. Kuchemsha kunaondoa tatizo hilo. Wali na ugali navyo haviwezi kusimama peke yake, kwa sababu paka lazima apate taurini, aina ya lishe inayopatikana katika nyama na samaki tu. Akiikosa hupofuka na moyo wake hutanuka. Mchanganyie: samaki aliyechemshwa, kuku, maini kidogo mara moja moja. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa.

Kama paka wako ni mweupe, au ana masikio meupe, mwangalie ncha za masikio. Tuko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, na jua letu humletea paka mweupe saratani ya ngozi. Huanza kama gamba dogo au kidonda kinachopona na kurudi. Wengi hudhani ni alama ya kupigana na paka shume. Likiwahiwa, sikio hukatwa kidogo na paka akaishi miaka mingi.

Mbwa wana hali tofauti kwetu. Wapo wanaolinda mahoteli na mashamba, wapo wanaofuatana na wasasi msituni, na wapo wasio na mwenyewe. Waislamu wengi wa hapa hatumgusi mbwa kwa sababu ya unajisi wa mate yake, na hilo ni la dini, lina heshima yake. Lakini kumtunza hakuhitaji kumpapasa. Mtume (S.A.W.) alisimulia habari za mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Bakuli la maji kivulini lina kazi kubwa zaidi ya tunavyodhani: mbwa hatoi jasho kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema, na aliyefungwa mnyororo juani saa saba mchana anaweza kufa kwa joto. Akihema bila kukoma, akitokwa na udenda mzito na kuyumba, mpeleke kivulini na ummwagie maji ya kawaida.

Maradhi yake mengi nayo huonekana kwa mbali. Mbwa aliyekuwa wa kwanza kubweka geti likigongwa, sasa anainua kichwa tu. Anatokwa na damu puani bila kuumia. Ufizi wake, ambao ungekuwa wa waridi, umepauka. Hapo fikiria maradhi ya kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hukaa mwilini siku chache tu kunyonya, na sehemu kubwa ya maisha yake iko nje, ndani ya nyufa. Kuta zetu za mawe na chokaa ni makao mazuri kwake, na jike mmoja aliyeshiba hutaga mayai kwa maelfu. Ndiyo maana kumwogesha mbwa dawa kisha kumrudisha kwenye kibanda kile kile hakumalizi kitu. Ziba nyufa, piga dawa kuta, na choma matandiko ya zamani. Mbwa akitibiwa mapema hupona. Akicheleweshwa, maradhi hujificha miezi kadhaa na kurudi yakiwa yameshaharibu uwezo wa kutengeneza damu.

Viroboto hupitisha minyoo ya tegu, na utaiona kama punje za mchele chini ya mkia wa paka au mbwa. Minyoo ya safura ya mbwa ni mibaya zaidi kwa sababu hutufikia sisi. Mayai hutoka na kinyesi, mabuu hutotoka kwenye mchanga wenye unyevu, na mtoto anayecheza pwani bila viatu hutobolewa ngozi. Huonekana mstari mwekundu unaojipinda na kuwasha usiku kucha. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, kila baada ya wiki mbili mpaka miezi mitatu.

Kuna swali ninaloulizwa mara nyingi: kwa nini chanjo ya mtoto wa mbwa au paka irudiwe mara tatu, je, si njia ya kutuuzia dawa? Sivyo. Mtoto huzaliwa na kunyonya kinga ya mama kwenye maziwa ya mwanzo. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huiua chanjo. Hupungua taratibu, kwa mmoja wiki ya nane, kwa mwengine ya kumi na nne, na hakuna ajuaye siku yenyewe. Hivyo chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Anayelengwa zaidi hapo ni parvo, virusi vilivyoenea duniani mwaka 1978, vinavyomfanya mtoto wa mbwa atapike na kuharisha damu yenye harufu kali. Paka ana vyake, ndugu wa hivyo. Virusi hivi hukaa kwenye udongo miezi mingi, ndiyo maana ua ambao mtoto mmoja amefia, wa pili naye hufa. Klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa maji sehemu 30, huviua sakafuni.

La mwisho ni kichaa cha mbwa, na hapa pia mabadiliko ya tabia ndiyo dalili. Mbwa mkali anakuwa mpole ghafla, au mpole anauma chochote, anameza kwa shida, sauti inabadilika, taya linalegea. Watu huingiza mkono kinywani wakidhani amekwamwa na mfupa. Usithubutu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kupata chanjo, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Ndugu zetu wa Pemba wana la kutufundisha. Watafiti walifuatilia maradhi haya kisiwani kuanzia 2010 hadi 2020, wakiwauliza waliong'atwa na kuchunguza virusi vyenyewe. Walikuta minyororo mitano ya maambukizi, yaani mbwa mmoja kumwambukiza mwengine, na chanjo ya mbwa kisiwa kizima kila mwaka iliikata yote ilipofika Mei 2014. Kisha uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia tena mara mbili, vikasambaa, na havikumalizwa mpaka Oktoba 2018, baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurejeshwa.

Chanjo ikitangazwa shehiani kwenu, iwe Konde au Kizimkazi, mpeleke mbwa akiwa na kamba, na watoto wake hata wakiwa wadogo. Paka mtie kwenye kapu lenye mfuniko, kwani naye huambukizwa na huambukiza. Chukua kadi, iandikwe tarehe, na uihifadhi pamoja na kadi za kliniki za watoto, maana mtu akiumwa na mnyama wako, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza daktari atakayoiuliza.