Kuzuia mimba na maadili ya Kikristo: ubishi uko wapi hasa?

Wengi hudhani Wakristo wanaopinga vidonge na kondomu wanataka kila ndoa izae bila kikomo. Sivyo. Kanisa Katoliki lenyewe linawaruhusu wanandoa wenye sababu nzito kuachanisha uzazi. Kinachobishaniwa ni njia: je, ni halali kufanya tendo la ndoa na papo hapo kuliondolea uwezo wa kuzaa?

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, makanisa karibu yote yalijibu hapana. Luther na Calvin, waanzilishi wa Uprotestanti, waliposoma habari za Onani katika Mwanzo 38, aliyemwaga mbegu chini ili asimpatie nduguye uzao, walimlaani vikali. Ufa ulionekana mwaka 1930, maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, London, na kukubali njia nyingine zaidi ya kujizuia, kwa wanandoa wenye sababu za kimaadili. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, Papa Pio XI akatoa waraka Casti Connubii kulikataa jambo hilo. Waprotestanti wengi hatimaye walifuata mkondo wa Lambeth. Kwao kosa la Onani lilikuwa kumdhulumu marehemu nduguye, si kumwaga mbegu.

Vidonge viliidhinishwa Marekani mwaka 1960, na Wakatoliki wengi wakatarajia mabadiliko. Tume iliyoundwa na Papa Yohane XXIII ikaishia kwa wajumbe wengi kupendekeza mafundisho yalegezwe. Mrithi wake, Papa Paulo VI, hakukubali. Katika waraka wake Humanae Vitae, wa tarehe 25 Julai 1968, alifundisha kwamba tendo la ndoa lina maana mbili, kuunganisha na kuzaa, na binadamu hana ruhusa ya kuzitenganisha. Waraka huohuo, na hili husahaulika mno, haumkatazi mwanamke kutumia dawa ya kutibu ugonjwa hata kama itamzuia kushika mimba, mradi uzuiaji huo sio lengo.

Basi, kwa mafundisho haya, mke anayepima joto la mwili kila asubuhi na kuchunguza ute wa ukeni, ili yeye na mumewe wajizuie siku za rutuba, hatendi kosa. Anayemeza kidonge anatenda. Wakosoaji huuliza: nia si ileile? Wakatoliki hujibu kwa mfano: kujizuia ni kama kunyamaza, kidonge ni kama kusema uongo, na kunyamaza si sawa na kusema uongo, ingawa vyote viwili vinaweza kuficha siri. Naiona hoja hii ina uzito kuliko inavyopewa. Lakini inahitaji mume anayekubali kusubiri, na asipokubali, mzigo wote humwangukia mke. Mafundisho yasiyomtazama mwanamke huyo usoni yana pengo.

Wako pia walokole wanaokubali kondomu na kukataa kitanzi (kifaa kinachowekwa ndani ya mji wa mimba), kwa kuhofia kwamba kinaweza kuzuia yai lililokwisha kurutubishwa lisijipandikize. Hao hawabishani tena juu ya tendo la ndoa. Swali lao ni uhai unaanza lini, na Mkristo anaweza kulijibu kwa ukali wote bila kuwa na neno dhidi ya kondomu.